Amri ya mahakama ya matunzo ya watoto ninayo mkononi, hela siioni. Nani ana kazi ya kumfuata huyu baba?

#1 Kipepeo Mweusi

Wakuu, habari za muda huu. Uzi ni mrefu, mnivumilie. Wale wa "si ulimchagua mwenyewe" leo naomba mpite kimya kimya.

Mimi na mzazi mwenzangu tuliishi pamoja miaka sita hapa hapa Dar. Tulianzia Tandika chumba kimoja, baadaye tukahamia upande mwingine wa jiji, nisiseme wapi. Ndoa hatukufunga. Alikuja kwetu na mjomba wake, barua ikaletwa, ikajibiwa, mahari ikawa ya "nitamalizia". Watoto wawili: wa kike yuko darasa la tatu, mdogo yuko chekechea. Mwaka juzi akaondoka. Hakunipiga, hakunitukana, sina la kumsingizia. Ni dereva wa semi, akabeba begi kwenda Lubumbashi kama siku zote, safari ikaisha, yeye akashukia kwingine.

Mapenzi hayanihusu tena, naongelea hela.

Nilianza kwa mjumbe, nikaenda serikali ya mtaa, nikaenda ustawi wa jamii. Ustawi tukaandikishana, akakubali mwenyewe laki na nusu kwa mwezi, akatoa mara moja tu, ikaishia hapo. Nikaenda mahakamani. Hakimu akasikiliza, afisa ustawi akaleta taarifa yake, ikatoka amri: 120,000 kila mwezi kabla ya tarehe 5, na michango ya shule na matibabu tugawane nusu kwa nusu. Siku ile nilitoka nimeishika ile karatasi kwa mikono miwili, kama cheti cha ndoa ambacho sikukipata.

Nina daftari la kaunta, kila mwezi una mstari wake. Wa pili, 120,000. Wa tatu, 120,000, ila tarehe 19. Wa nne, 40,000. Wa tano hakuna kitu. Wa sita, 15,000, na ikaja kwa jina la wakala, siyo lake, na meseji juu: "hiyo ya viatu". Wa saba hakuna kitu. Wa nane ndio huu, na tarehe 5 imepita. Jumla ananidai, samahani, ninamdai 545,000. Mpaka ulimi umezoea kuona mimi ndiye mdaiwa.

Nikarudi mahakamani. Karani akaniambia, "Mama, kesi yako imeshaisha, ulishinda. Sasa ni wewe kukaza hukumu." Mimi nilijua ni yeye ndiye wa kukazwa. Nikaenda ustawi, wakampigia mbele yangu. Akasema yuko Tunduma kwenye foleni. Huyu mtu kila akipigiwa na ofisi yuko Tunduma kwenye foleni.

Swali langu kwenu: hivi kuna mtu serikalini ambaye kazi yake, anayolipwa mshahara kwa ajili hiyo, ni kuhakikisha hela ya mtoto imefika? Mbona mkopo wa kausha damu wa laki mbili una vijana wanne wa kukufuata mpaka jikoni, deni la watoto wawili halina hata mmoja?

---

#2 mwamba_wa_segerea

Dereva wa semi. Tena wa Kongo. Dada uliona nini lakini 😂

---

#3 Shangazi Bila Posho

> Dereva wa semi. Tena wa Kongo. Dada uliona nini lakini

Uliombwa upite kimya, umepita na honi.

---

#4 Koti Jeusi

Kipepeo, pole. Nitaandika kama mtu anayeshinda korido za mahakama, siyo kama wakili wako, kwa sababu faili lako sijaliona.

Kwanza, sheria ipo na siyo dhaifu kama watu wanavyodhani. Sheria ya Mtoto ya 2009 imempa mzazi wajibu wa kumtunza mtoto: chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu. Haiulizi kama mlifunga ndoa. Hakimu akipanga kiasi anaangalia mapato ya wazazi wote wawili, watoto wengine walio mgongoni mwa huyo baba, na gharama za maisha za mahali mtoto anapoishi. Ndiyo maana mwingine anapata 50,000 na mwingine 300,000 kwa hakimu yule yule, watu wakadhani kuna kitu kimepita chini ya meza.

Wadogo humu hamjui tulikotoka. Kabla ya sheria hiyo, mtoto wa nje ya ndoa alikuwa na sheria yake ya tangu ukoloni, ya 1949, na ukomo wa matunzo ulikuwa shilingi mia kwa mwezi. Mia moja. Ilikaa vitabuni mpaka Sheria ya Mtoto ilipoifuta, wakati huo mia hainunui hata andazi lenye afya.

Pili, karani hakukutania. Kukaza hukumu ni hatua halisi, na hapo ndipo kina mama wengi wanapoishia, kwa sababu hakuna anayewaambia mapema. Amri ya mahakama haina miguu. Inabidi urudi mahakama ile ile na maombi ya utekelezaji: nakala ya amri, mchanganuo wa deni mwezi kwa mwezi (hilo daftari lako ni mali), na useme unataka ikazwe vipi. Unaweza kuomba mwajiri aamriwe kukata mshahara. Unaweza kuomba mali yake ikamatwe kupitia dalali wa mahakama. Unaweza kuomba aitwe aje aeleze kwa nini asiende gerezani kama mfungwa wa madai.

Hiyo ya mwisho usiikimbilie. Mfungwa wa madai, anayedai ndiye anayetanguliza hela ya kumlisha. Utajikuta unamlipia ugali na maharage mtu ambaye hajawahi kuwalipia wanao.

---

#5 Kipepeo Mweusi

> anayedai ndiye anayetanguliza hela ya kumlisha

Kaka Koti sema unatania.

---

#6 Koti Jeusi

Sitanii, dada.

---

#7 boda_wa_njiapanda

Mimi nitasema upande ambao hapa hautakiwi.

Nina mtoto mmoja na mwanamke tuliyeachana. Niliitwa ustawi nikakubali 80,000. Mimi ni boda, pikipiki ya mkataba, kila siku 10,000 ya bosi inatoka kwanza kabla sijala. Kuna siku inanyesha toka asubuhi, napeleka hesabu ya bosi kwa hela ya mfukoni. Hata hivyo nilikuwa natoa. Nilikuwa nampa mkononi nikipita kwake, siku nyingine 5,000, siku nyingine 10,000, siku nyingine nampakia mtoto nampeleka shule nampa na ya maandazi. Mwisho wa mwaka nikaitwa tena ustawi, mama anasema sijatoa hata mia. Afisa ananiuliza, ushahidi uko wapi? Sina. Nimetoa mwaka mzima nikaonekana nimetelekeza.

Tangu siku hiyo natuma kwa simu tu, hata kama nimesimama mlangoni kwake. Namwita atoke nje, natuma, meseji inaingia akiwa ananitazama. Ananiona chizi. Bora nionekane chizi.

Kwa hiyo mnapotunga ofisi zenu za kukamata wanaume, mtukumbuke na sisi ambao hatuna mshahara wa kukatwa.

---

#8 Shangazi Bila Posho

@boda_wa_njiapanda mwanangu, hapo umesema la maana na sikupingi. Lakini niulize kidogo. Hizo 5,000 ulizokuwa unatoa ukipita, ulikuwa unapita mara ngapi kwa wiki?

---

#9 boda_wa_njiapanda

Inategemea na wateja shangazi.

---

#10 Shangazi Bila Posho

Basi hapo ndipo penye ugomvi wenu. Mtoto hali kwa kutegemea wateja. Anakula kila siku.

---

#11 Mbongo wa Leeds

Wakuu, niko Uingereza mwaka wa kumi na moja sasa, na mimi ni katika wanaolipa, kwa hiyo naongea nikiwa upande wa kukatwa.

Huku kuna shirika la serikali la matunzo ya watoto. Mkielewana wenyewe, halina shida na nyie. Msipoelewana, mmoja anapeleka ombi, wao wanaangalia mapato yako kwenye kumbukumbu za kodi. Kwa kipato cha kati, mtoto mmoja ni asilimia 12 ya mapato ya wiki kabla ya makato, wawili 16, watatu au zaidi 19, na inapungua kidogo kulingana na siku mtoto anazolala kwako. Ukileta ukaidi wanakusanya wenyewe: wewe unaongezewa asilimia 20 juu ya kila malipo kama adhabu ya usumbufu, na hata mama anakatwa asilimia 4. Barua ya kukata mshahara wangu ilifika kazini kabla sijafika mimi. Bosi alinikabidhi huku anacheka.

Marekani ndiyo kabisa, deni likizidi dola 2,500 pasipoti hupewi.

Lakini msidhani huku ni peponi. Shirika lao la kwanza lilianza 1993, likawashinda, madeni yakarundikana, wakaja na hili jipya kuanzia 2012. Mpaka leo wanaokamatika ni sisi wa mshahara. Jirani yangu ni fundi rangi, amejiajiri, analipwa keshi. Gari jipya mlangoni, kwenye karatasi ni maskini wa kutupwa. Mama watoto wake anapata hela ya kununulia chipsi.

---

#12 mwamba_wa_segerea

Boda hana pasipoti. Mtamnyima nini, helmeti?

---

#13 Mhasibu wa Buguruni

Nimecheka, lakini hoja ya Leeds ndiyo mzizi wa jambo lenyewe.

Mimi naandaa mishahara ofisi fulani, zaidi ya watu mia mbili. Amri za matunzo zinakuja, siyo nyingi, kwa mwaka unaweza kuzihesabu kwa vidole. Ikija tunakata, hakuna mjadala, mwezi ule ule. Shida inaanza unapofungua hati ya mshahara ya huyo baba: mkopo wa benki, mkopo wa saccos, mkopo wa bodi ya mikopo ya elimu ya juu. Mtumishi anatakiwa abaki na angalau theluthi moja ya mshahara wake, na wengi benki imeshawafikisha kwenye theluthi kabla amri ya mtoto haijafika. Benki ilikuja mapema kuliko mtoto. Sasa nikate wapi? Namwandikia hakimu barua kumweleza, mama anarudi mahakamani, tarehe inapangwa nyingine. Hilo mimi ningelibadilisha kesho asubuhi: deni la mtoto lingekaa mstari wa kwanza, benki isubiri nyuma yake.

Na kwa wasio na mshahara, msiniambie serikali haiwezi. Laini zote zimesajiliwa kwa namba ya NIDA na alama za vidole. Julai 2021 tozo za miamala zilipoanza, nani alitafutwa na mjumbe? Nani aliitwa kwa samansi? Ulikuwa ukituma elfu kumi, chao wameshachukua. Uwezo wa kufika kwenye simu ya Mtanzania upo. Tuliuona.

Dada Kipepeo, kuhusu madereva wa semi nikuambie kitu. Wengi mshahara wa kwenye karatasi ni mdogo, maisha yao yako kwenye posho ya safari. Mahakamani lazima alisema ana mshahara wa laki tatu hivi, si ndiyo?

---

#14 Kipepeo Mweusi

> Mahakamani lazima alisema ana mshahara wa laki tatu hivi, si ndiyo?

Mhasibu wewe ni mganga? Laki tatu kamili. Na siku ile alikuja na ndala. Mtu ambaye namjua ana viatu pea sita.

---

#15 Mzee wa Keko

Ndala za mahakamani nazijua. Kuna wanaoazima.

Vijana mnaongea kama jambo limeanza leo. Mnakumbuka Aprili 2018? Makonda, akiwa mkuu wa mkoa, aliwaita kina mama waliotelekezewa watoto waje ofisini kwake pale Ilala. Wengine waliona ni siasa, wengine waliona ni udhalilishaji wa wanaume. Mimi nilipita pale kwa daladala asubuhi ya siku ya kwanza. Wanawake walikuwa wamejaa mpaka barabarani, watoto migongoni, bahasha za kaki mikononi. Ndani kulikuwa na wanasheria na watu wa ustawi wanawasikiliza mmoja mmoja. Konda wetu alikuwa mtu wa mdomo sana. Siku ile alitazama dirishani akanyamaza mpaka Mnazi Mmoja, na hatukumuuliza.

Mimi siongelei kama njia ile ilikuwa nzuri. Kwa maoni yangu haikuwa, mambo ya nyumba ya mtu hayataki kamera, na ndiyo maana hata mahakama ya watoto huwa inasikiliza faragha. Ninachosema ni kwamba ofisi za ustawi zilikuwepo kabla ya siku ile, mahakama ya watoto pale Kisutu ilikuwepo, madawati ya jinsia na watoto polisi yalikuwepo. Wale kina mama wengi walishapita huko. Walikwenda Ilala kwa sababu walisikia kuna mtu mmoja atapiga simu na simu itapokelewa.

---

#16 Jaji wa Kijiweni

Suluhisho ni jela tu. Sheria ya Mtoto ina faini mpaka milioni tano au jela miezi sita, au vyote. Wafungwe kumi tu Dar hii, uone miamala itakavyomiminika.

---

#17 Koti Jeusi

Adhabu hiyo ipo kweli, hujakosea. Ila nimeona mara mbili mama mwenyewe anamwendea hakimu na machozi anaomba baba atolewe. Jela hakuna safari ya Lubumbashi, na akitoka kibarua kimeota nyasi. Faini nayo haiendi kwa mtoto, inaenda serikalini. Mimi tishio la jela nalipenda kuliko jela yenyewe. Samansi ya kuja kujieleza imewahi kumfanya mteja wa mwenzangu apate laki nane ndani ya siku tatu, mtu ambaye wiki iliyotangulia alikuwa anakopa nauli.

---

#18 Mama Wawili Mbagala

Samahani naingilia uzi wa mwenzangu. Mimi mume ninaye, wa ndoa kabisa, tunalala nyumba moja. Ana duka la vipuri. Ila hela ya matumizi hatoi, mwaka wa pili sasa, ananiambia "una genge lako". Genge lenyewe la nyanya na bamia. Hivi na mimi naruhusiwa kudai au mpaka niachwe kwanza?

---

#19 Koti Jeusi

Mama Wawili, unaruhusiwa, na huhitaji talaka. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamtaka mume amtunze mke wake kwa kadiri ya uwezo wake, na mke naye anawajibika pale mume anapokuwa hajiwezi kwa ugonjwa au ulemavu na mke ana uwezo. Unaweza kwenda mahakamani kuomba amri ya matunzo huku ndoa ikiendelea.

Kuna kifungu kingine humo huwa kinanichekesha. Mke anahesabika ana idhini ya kukopa mahitaji ya lazima ya nyumbani kwa dhamana ya mume wake. Yaani kisheria unaweza kuchukua unga na mafuta dukani, ukasema deni la baba fulani.

Mkiachana ni habari nyingine. Mahakama inaweza kuamuru mtalaka atunzwe, na haki hiyo inakoma akiolewa tena. Kwa Waislamu, mume anamhudumia mtalaka wake kipindi cha eda. Matunzo ya watoto hayahusiani kabisa na eda, wala na nani alimkosea nani. Yanaendelea mpaka mtoto afike miaka 18, na yanaweza kusogezwa mbele akiwa bado masomoni. Nasisitiza hili kwa sababu kila wiki namsikia baba anasema "nilishamaliza eda" huku ana watoto watatu.

Na Kipepeo, hata wewe usijione huna chako kwa kuwa hukufunga ndoa. Mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi na jamii ikawaona ni mume na mke, sheria inadhania ni ndoa. Hata dhana hiyo ikivunjwa, bado mwanamke anaweza kuomba matunzo yake na ya watoto.

---

#20 mwamba_wa_segerea

> unaweza kuchukua unga na mafuta dukani, ukasema deni la baba fulani

Mangi wa mtaani kwetu ameandika ukutani KUKOPA HARUSI KULIPA MATANGA. Mpelekeeni hicho kifungu halafu mrudi mtusimulie.

---

#21 Mama Wawili Mbagala

😂😂 Asante kaka Koti. Naanzia wapi sasa?

---

#22 Koti Jeusi

Uko Mbagala, kwa hiyo Temeke ni karibu. Pale kuna Kituo Jumuishi cha mambo ya familia, kipo tangu 2021: ndoa, mirathi, watoto, na mahakama za ngazi tofauti ziko eneo moja, haulazimiki kuzunguka jiji. Kama huna uwezo wa wakili, usitoe hata shilingi kwa vishoka wa nje ya geti. Kuna TAWLA, kuna WLAC, kuna Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, wote wanatoa msaada wa kisheria bure kwa wasio na uwezo, na watakuandikia maombi yako vizuri. Kwa mambo ya mtoto kuna namba 116, unapiga bila malipo.

Beba cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto vya RITA, risiti za shule, karatasi za hospitali. Usibebe hasira. Au ibebe, ila iache kwenye bajaji.

---

#23 kibopa_mdogo

Na sisi tunaotiliwa shaka watoto je? Mtu analipa miaka kumi mtoto siyo wake. Mimi ningeenda kupima kimya kimya kabla ya kutoa hata mia.

---

#24 Koti Jeusi

Kimya kimya huendi. Vipimo vya DNA viko kwa Mkemia Mkuu wa Serikali na sheria ya vinasaba ya 2009 inataka ombi lipitie kwa mwenye mamlaka, mfano mahakama, ustawi, polisi au wakili. Kama una shaka, iseme mahakamani siku ya kwanza, hakimu ataamuru kipimo. Usiifuge miaka kumi ukaja kuitoa siku unadaiwa ada.

---

#25 boda_wa_njiapanda

Mhasibu, nimerudia kusoma post yako ya laini za simu. Kwa nia njema nakuambia haitafanya kazi. Siku serikali ikianza kukata matunzo kwenye simu, kesho yake kila mwanaume ataanza kutumia laini ya mama yake mzazi. Na bibi atakuwa anakatwa matunzo ya mjukuu.

Ningekuwa mimi, hela ingepita ofisini. Napeleka pale, naandikiwa risiti, mama anachukua pale anasaini. Hapo hakuna wa kumsingizia mwenzake.

---

#26 Karani Mstaafu

Kijana wa boda, unachokisema tulikifanya ofisi niliyokuwa. Baba analeta, anaandikwa kwenye leja, mama anakuja anasaini au anaweka dole gumba. Mezani kwangu nilikuwa na leja mbili zimejaa. Ilisaidia sana kumaliza maneno ya "sijapewa". Lakini iliwala kina mama nauli. Mtu anapanda daladala mbili kufuata elfu thelathini, anafika baba hajaleta, anakaa kwenye benchi mpaka saa tisa na nusu, anarudi na mtoto hajala. Ijumaa benchi lilikuwa linajaa. Mimi niliona aibu kutoka kwenda kula, kwa sababu ilibidi nipite mbele yao.

Na tulikuwa maafisa wawili kwa kata ambazo sikumbuki idadi yake. Asubuhi una kesi ya mtoto aliyebakwa, mchana una mzee ametelekezwa hospitali, jioni ndiyo unaanza kumpigia dereva wa Kipepeo. Unadhani utampigia mara ngapi?

---

#27 Kipepeo Mweusi

Wakuu, nimerudi. Najua nimekaa kimya karibu wiki saba, nilikuwa sina cha kuwaambia.

Nilienda kwa watu wa msaada wa kisheria, dada mmoja mdogo tu, akanikalisha akachukua daftari langu akalipiga chapa kama lilivyo, pamoja na ile "hiyo ya viatu". Tukapeleka maombi ya kukaza. Tarehe ya kwanza hakuja. Ya pili hakuja. Ya tatu dada akaomba samansi ipelekwe kazini kwake, kwa mwenye magari, siyo kwake. Akaja. Safari hii na viatu.

Hakimu akamuuliza posho ya safari moja ni kiasi gani. Akasema inategemea. Hakimu akasema, basi alete barua ya mwajiri inayosema inategemea na nini. Kukawa kimya. Mwisho mwajiri akaamriwa akate 120,000 kila mwezi kwenye mshahara, na deni la nyuma, ambalo kufikia siku hiyo lilikuwa 665,000, liwe linakatwa 50,000 juu yake mpaka liishe.

Usiku ule akanipigia toka Tunduma. Safari hii nadhani alikuwa Tunduma kweli, nilisikia honi za magari. "Umenivua nguo kazini." Nikamwambia chaji inaisha, nikakata.

Daftari: mwezi wa kumi, 170,000, tarehe 2. Nimeandika kwa kalamu nyekundu ya mtoto, ya kwangu ilikuwa imekwisha wino.

---

#28 Shangazi Bila Posho

Vigelegele mimi sijui kuviandika, jisikilizie mwenyewe hapo ulipo.

---

#29 Mhasibu wa Buguruni

Hongera. Sasa fuatilia asije akaacha kazi akahamia kwa mwenye magari mwingine. Amri imeandikwa jina la mwajiri huyu. Akihama, unarudi kuomba tena.

---

#30 Kipepeo Mweusi

Dada wa msaada wa kisheria aliniambia hivyo hivyo. Nimeshamwomba utingo wake namba.

---

#31 Mama Wawili Mbagala

Mwenzangu hongera sana. Mimi naenda Jumatatu. Nifike saa ngapi? Na kuna kitu nisisahau?

---

#32 Kipepeo Mweusi

Kwako wewe sijui ratiba yao, ila kwangu aliyefika saa moja na nusu alihudumiwa, aliyefika saa tatu aliambiwa arudi kesho. Toa kopi tatu za kila karatasi kabla hujafika, za pale nje ni mia tatu kwa ukurasa. Na chupa ya maji ya mtoto kama unaenda naye.